Mabasi ya kasi yajadiliwe kwa lugha ya abiria

Hapana jambo linalomgusa mkazi wa Nairobi kila uchao kama suala la usafiri. Mwanafunzi afikaye darasani akiwa amechelewa na tayari amechoka, mwalimu aondokaye nyumbani kabla ya jogoo kuwika, mgonjwa ashindwaye kufika hospitalini kwa wakati: wote hawa hulipa ushuru wa msongamano wa magari, ushuru ambao haukuandikwa katika sheria yoyote. Kwa hiyo akitokea mtu akasema kwamba anayo dawa ya maradhi haya, ni haki asikilizwe. Serikali imekuwa ikisema kwa miaka mingi sasa kwamba dawa yenyewe ni mabasi makubwa ya kasi, yapitayo katika njia yake maalumu bila kuchangamana na magari mengine. Makala haya hayakusudii kuipinga dawa hiyo. Yanakusudia kuuliza: je, mgonjwa ameulizwa anaumwa wapi, na ameulizwa kwa lugha gani?

Utaratibu wa mabasi haya si kitendawili. Basi hupewa njia yake peke yake, aghalabu katikati ya barabara. Abiria hulipa nauli akiwa kituoni, kabla ya kupanda. Sakafu ya kituo huwa sawa na sakafu ya basi, ili mzee, mama mjamzito na mtu wa kiti cha magurudumu waingie bila kuparamia ngazi. Mabasi hufuatana kwa dakika chache, na kwa kuwa hayakwami katika foleni, hubeba umati mkubwa kwa gharama iliyo ndogo kuliko ya reli. Mji wa Curitiba nchini Brazil uliuanza utaratibu huu mnamo 1974, na Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ukaupanua kuanzia mwaka 2000. Barani Afrika, Lagos ilianza mwaka 2008, Johannesburg mwaka 2009, na Dar es Salaam mwaka 2016.

Hapa kwetu, mamlaka ya uchukuzi wa eneo la jiji kuu, ijulikanayo kwa kifupi kama NaMATA, iliundwa mwaka 2017 ili kuratibu usafiri katika kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Mistari mitano ya mabasi ya kasi ilichorwa kwenye ramani, ikapewa majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Simba ni mstari wa barabara ya Thika. Chui unahusu Dandora na mitaa ya mashariki ya jiji. Mwishoni mwa muongo uliopita, mstari mwekundu ulipakwa juu ya lami ya barabara ya Thika kuonyesha mahali ambapo mabasi hayo yangepita. Wenye magari walishangaa, abiria wakauliza, na wenye mzaha wakapata la kuzungumza. Rangi ikafifia kabla ya basi kuonekana. Baadaye vituo vikaanza kujengwa katikati ya barabara hiyo hiyo. Lakini hadi kufikia mwaka 2025, abiria alikuwa bado anangojea.

Sababu zinazotajwa za kuchelewa huku ni nyingi: uhaba wa fedha, masharti ya mikopo, madai ya wanakandarasi, na mabadiliko ya serikali. Zote zina uzito wake. Hata hivyo, ipo sababu nyingine isiyotajwa sana, nayo ni kwamba mpango huu haujapata kuwa mali ya wananchi. Mradi ambao watu hawaujui haswa, hawaudai unapokwama; na mradi ambao hawakuuchangia mawazo, hawaulindi unapofika. Ajabu ni kwamba waliochora mistari ile walikumbuka kuipa majina ya Kiswahili. Wanyama wamepewa Kiswahili. Wananchi wamepewa nyaraka za Kiingereza.

Niruhusiwe hapa, kama mtu ambaye kazi yake ni isimu, nisimame kidogo kwenye neno moja. Katika mijadala yetu ya umma siku hizi husikika sana neno "ushirikishwaji". Kila mwalimu wa Kiswahili anaweza kulichambua ubaoni. Mzizi wake ni kitenzi "shiriki", yaani kuwa na fungu katika jambo, ambamo pia tumepata "mshirika" na "ushirika". Kikitiwa kiambishi cha kutendesha huwa "shirikisha": mtu mmoja anamfanya mwingine awe na fungu. Kikiongezwa kiambishi cha kutendwa huwa "shirikishwa". Anayeshiriki ni mtenda. Anayeshirikishwa ni mtendwa: amengojea, ameitwa, amewekwa. Mwito ukikosa kuja, hana fungu.

Sisemi kwamba viambishi ndivyo vinavyochelewesha mabasi. Nasema kwamba neno hili limeeleza bila kukusudia hali halisi ya mambo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, imeutaja ushiriki wa watu miongoni mwa maadili ya taifa na misingi ya utawala. Hilo ni jambo la mtenda. Lakini desturi iliyozoeleka katika miradi mingi mikubwa ni ya mtendwa. Ripoti ya kurasa mamia huandikwa kwa Kiingereza cha wahandisi na wanasheria, ikawekwa katika ofisi fulani ili atakaye aende akaisome saa za kazi. Tangazo hutiwa katika kurasa za ndani za gazeti. Kisha mkutano huitishwa, mtaalamu husimama na michoro yake, wawili watatu hunyanyua mikono, orodha ya mahudhurio huzungushwa, chai hunywewa, watu hutawanyika. Orodha ile ndiyo huambatishwa nyuma ya ripoti kuwa ushahidi kwamba umma umeshauriwa. Lakini saini huthibitisha tu kwamba mtu alikuwapo. Haithibitishi kwamba alielewa, wala kwamba alisikilizwa.

Haya si malalamiko ya wapenzi wa Kiswahili peke yao. Ni suala la sheria. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kifungu hicho hicho kinaidai serikali iendeleze lugha za kiasili, lugha ya ishara ya Kenya na maandishi ya Braille. Hata kabla ya Katiba hiyo, kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira zilizotolewa mwaka 2003 ziliagiza kwamba mradi utangazwe redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji. Kwamba mikutano isiyopungua mitatu ifanywe na jamii zitakazoathiriwa, mahali na saa zinazowafaa. Na kwamba maoni yote, ya mdomo na ya maandishi, yarekodiwe pamoja na tafsiri zake. Kwa hiyo aliyeandika kanuni hizo alijua kwamba maoni yanaweza kutolewa kwa lugha isiyo ya ripoti. Alijua pia kwamba maoni ya mdomo ni maoni kamili.

Mahakama nazo zimenena. Mnamo 2014, Mahakama Kuu ilipoibatilisha sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu, ilieleza kwamba tangazo la gazeti peke yake halitoshi. Wananchi watafutwe makanisani, misikitini, katika mabaraza, na kupitia redio za taifa na za lugha za kienyeji. Mwaka 2019, Mahakama ya Juu ikaongeza kwamba ushiriki wa umma lazima uwe wa kweli, usiwe pambo wala utaratibu wa kutimiza wajibu tu. Mwaka huo huo wa 2019, mahakama maalumu ya mazingira ilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe kule Lamu, na miongoni mwa sababu zake kuu ilikuwa kwamba wenyeji hawakushauriwa ipasavyo. Tusisahau kwamba mradi ule ulikuwa na wafadhili, wahandisi na ripoti nene. Kilichokosekana ni mazungumzo.

Sasa tuulize: mwananchi wa kawaida ana nini cha kumwambia mhandisi wa barabara? Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mhandisi anajua unene wa zege utakaohimili basi la tani nyingi. Hajui ni mahali gani watu wa Githurai huvuka barabara wakienda sokoni, wala kwa nini hawalitumii daraja lililo umbali wa hatua mia tano. Hajui ni kituo kipi ambacho msichana haogopi kushuka saa mbili usiku, na kipi ambacho hathubutu. Hajui kwamba mama anayeuza mboga husafiri na magunia mawili, na kwamba basi lisilo na nafasi ya gunia si basi lake, hata likiwa na kasi ya upepo. Maarifa haya hayamo katika kitabu chochote. Yamo katika miguu na macho ya wanaosafiri, na hutoka kwa njia moja tu, yaani kwa mazungumzo.

Barabara ya Thika yenyewe ni shahidi. Ilipofunguliwa rasmi mwezi Novemba 2012, takriban kilomita 50 za lami pana zilizogharimu zaidi ya shilingi bilioni 30, ilisifiwa kote katika eneo hili la Afrika, na kwa haki. Lakini watu waliozoea kuvuka kutoka upande mmoja wa mtaa wao hadi wa pili waliikuta imewatenganisha. Waliendelea kuvuka mahali pasipo na daraja, na wengi walipoteza maisha. Ikabidi matuta yawekwe juu ya barabara iliyojengwa kwa ajili ya kasi, na madaraja ya wapita njia yaongezwe baadaye. Tukumbuke kwamba, kwa mujibu wa uchunguzi uliofanywa wakati wa kutayarisha mpango mkuu wa jiji uliotolewa mwaka 2014, takriban safari nne katika kila kumi jijini Nairobi zilikuwa za miguu. Mtu wa kwanza wa kuulizwa kuhusu barabara, basi, ni yule asiye na gari. Na jambo hili linazidi uzito pale vituo vya mabasi ya kasi vinapowekwa katikati ya barabara, kwa sababu kila abiria lazima avuke nusu ya barabara ili afike kituoni, na nusu nyingine akishuka jioni.

Ushahidi kwamba maarifa ya watu wa kawaida yanaweza kukusanywa kwa nidhamu ya kitaalamu tunao. Kwa miaka mingi mfumo wa matatu uliitwa vurugu tupu, kwa sababu haukuwa na ramani. Watafiti na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vya Marekani, walipanda matatu hizo wakiwa na simu mkononi, wakarekodi njia na vituo, na mwanzoni mwa 2014 wakatoa ramani ya zaidi ya njia 130. Kumbe utaratibu ulikuwapo siku zote. Wenye kuujua walikuwa madereva, makondakta na abiria. Hata neno "matatu" ni kumbukumbu ya utaratibu wa watu: linatokana na hesabu ya tatu katika Kikikuyu, kwa kuwa nauli ya zamani ilikuwa sarafu tatu za senti kumi.

Majirani zetu wana mafunzo mawili, moja la kuiga na moja la kuepuka. Awamu ya kwanza ya mabasi ya Dar es Salaam, takriban kilomita 21 za njia kuu kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi yake, ilianza kubeba abiria mwezi Mei 2016. Wakala wa serikali unaosimamia mradi huo huitwa Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka. Wananchi wakaona jina hilo ni refu, wakaunda lao: mwendokasi. Si jambo dogo hili. Kitu kikishapata jina katika kinywa cha watu, kinaweza kusifiwa, kulaumiwa na kudaiwa. Mkazi wa Kimara husema kwamba mwendokasi umejaa, mwendokasi umechelewa, na kiongozi husikia na kuelewa, kwa maana tangazo na lawama ziko katika lugha moja. Sisi tunazo herufi tatu za Kiingereza, BRT, ambazo abiria wengi hawawezi kuzifumbua, sembuse kuzidai.

Fundisho la pili ni chungu. Maegesho na karakana ya mabasi hayo ilijengwa Jangwani. Jina lisikudanganye, msomaji, kwa kuwa Jangwani ni bonde la mto Msimbazi, na maji hulijia kila mvua kubwa inaponyesha. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu jijini humo, na serikali yenyewe ikawahamishia wakazi wengi wa mabondeni hadi Mabwepande. Hata hivyo karakana ilijengwa papo hapo. Mwaka 2018 maji yaliingia, mabasi yakaharibika na huduma zikasimamishwa, na hiyo haikuwa mara ya pekee. Lugha moja ilikuwapo, na maarifa ya wenyeji yalikuwapo. Kumbe haitoshi kuzungumza lugha moja. Sharti pia anayepanga awe tayari kubadilisha mchoro wake kwa sababu ya alichoambiwa.

Suala jingine ni la watu wa matatu. Kila mstari wa mabasi ya kasi unapita mahali ambapo tayari pana magari yanayolisha familia: wenye magari, madereva, makondakta, mafundi, waosha magari, na wachuuzi wa vituoni. Johannesburg ilipoanza mabasi yake mwezi Agosti 2009, wenye teksi za abiria walipinga vikali. Mazungumzo yalikuwa marefu na magumu. Mwishowe, wenye teksi walioathiriwa walikubali kuyaondoa baadhi ya magari yao barabarani, nao wakawa wenye hisa katika kampuni iliyopewa kazi ya kuendesha mabasi hayo, wakaichukua rasmi mwanzoni mwa 2011. Hayo hayakumaliza matatizo yote ya mji ule, lakini yaliwageuza baadhi ya wapinzani wakawa wenyeji. Mtu hachomi nyumba yenye chumba chake.

Kwetu sisi, tumejaribu njia ya amri na tumeona mwisho wake. Mwaka 2014 iliamriwa kwamba nauli zote zilipwe kwa kadi badala ya pesa taslimu. Makondakta, wenye magari na hata abiria hawakuiridhia, na amri ikafa kifo cha kimyakimya. Tarehe 3 Desemba 2018, matatu zilipopigwa marufuku kuingia katikati mwa jiji la Nairobi, maelfu ya watu walitembea masafa marefu, wakiwemo wazee, wagonjwa na watu wenye ulemavu. Marufuku hayo yalisitishwa upesi. Amri zote mbili zilikuwa na hoja ndani yake. Zilichokosa ni kuulizana mapema: mwanamke mwenye magongo atashuka wapi, na kutoka hapo atafikaje kazini?

Wapo watakaonijibu kwamba kanuni za marehemu John Michuki za mwaka 2004 zilifaulu, ilhali hakumbembeleza mtu. Ni kweli kwamba zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na nidhamu kwa kipindi fulani. Lakini kanuni zile ziliagiza jinsi gari litakavyokuwa. Hazikuhamisha kituo, hazikubomoa kibanda, wala hazikubadilisha njia ya mtu kutoka nyumbani hadi kazini. Isitoshe, mkono wa sheria ulipolegea, mengi yalirudi yalivyokuwa. Kinachotegemea fimbo husimama maadamu fimbo imenyanyuliwa.

Wengine watasema kwamba mazungumzo huchelewesha maendeleo, na kwamba mikutano hutekwa na wanasiasa na wenye sauti kubwa. Hofu hii ina msingi. Ndiyo maana ninashauri tutenganishe maswali. Yapo maswali ya mtaalamu: uimara wa daraja, aina ya injini, hesabu za mkopo. Hayo hayapigiwi kura barazani. Na yapo maswali ambayo mtaalamu hana jibu lake mpaka aulize: vituo viwe wapi, watu wavuke wapi, nauli gani itamwacha mfanyakazi wa kibarua na kitu mfukoni, mabasi yaanze na yaishe saa ngapi, na anayepoteza riziki atafidiwaje. Swali baya kuliko yote ni lile linaloulizwa mara kwa mara, "Je, mnaukubali mradi?" Nani atakataa usafiri bora? Swali la ndiyo au la huzaa makofi, halizai maarifa.

Na kuhusu kuchelewa, tupime kwa mizani ya kweli. Miezi sita ya kuzungumza kabla ya kujenga ni kitu gani mbele ya miaka ya vituo vilivyosimama bila mabasi? Kubadilisha mahali pa kivuko wakati kingali kwenye karatasi hugharimu kifutio. Kukibadilisha baada ya zege kukauka hugharimu mamilioni, na wakati mwingine hugharimu roho.

Basi, nini kifanywe? Kwanza, kila ripoti ya mradi wa usafiri iwe na muhtasari wa Kiswahili chepesi, wa kurasa chache, wenye ramani inayotaja mahali kwa majina yanayotumiwa na watu. Ramani isiyo na jina la steji ambayo makondakta huitaja haimsaidii abiria. Pili, mazungumzo ya mdomo yafanywe kwa lugha iliyopo mtaani, iwe Kiswahili, Kikamba, Kikikuyu au hata Sheng ya vijana wa Dandora, na mkalimani wa lugha ya ishara awepo. Mimi ni mtetezi wa Kiswahili sanifu, lakini usanifu usigeuzwe kuwa mlango wa kumfungia mtu nje. Tatu, mikutano ifanywe pale watu walipo na saa walizo nazo: kituoni jioni, sokoni, baada ya ibada, redioni. Nne, na hili ndilo lisilofanywa kabisa, wapangaji warudi. Waseme mbele ya watu wale wale: mlituambia haya, tumeyakubali haya, tumeyakataa haya, na sababu ni hizi. Mtu akikataliwa kwa sababu aliyoelezwa, huenda akakasirika, lakini hatadharauliwa. Akipuuzwa kimya, mara nyingine hatakuja.

Sehemu ya kazi hii ni yetu sisi wa madarasani. Ni aibu kwamba fani hii imekaa miaka mingi katika mazungumzo ya serikali yetu bila istilahi zilizokubalika. Njia maalumu ya mabasi iitweje? Mabasi madogo yanayowaleta abiria kwenye mstari mkuu yaitweje? Kituo cha kubadilishia basi kiitweje? Idara za Kiswahili za vyuo vyetu zikae na wahandisi, ziangalie pia yale ambayo Watanzania wameshayaunda, na zitoe orodha inayotamkika. Mwalimu wa sekondari iliyo kando ya mstari wowote kati ya ile mitano anaweza kuwapa wanafunzi wake zoezi la insha lenye maana: tembeeni kutoka nyumbani hadi steji, hesabuni mahali mnapovukia barabara, waulizeni wazazi wenu wanatumia nauli kiasi gani kwa wiki, kisha andikeni barua rasmi kwa mamlaka inayohusika. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mwanafunzi aliyejifunza kuandika barua rasmi kwa ajili ya mtihani anaweza kuiandika pia kwa ajili ya kuomba ramani ya mtaa wake.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni madogo mbele ya mabilioni ya mikopo. Lakini mikopo hiyo italipwa na nani, kama si na wanafunzi hao hao watakapokuwa watu wazima? Aliyetwishwa deni ana haki ya kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, amenunuliwa nini.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Serikali yenye wahandisi mahiri haitapungukiwa na chochote ikimuuliza mchuuzi wa Githurai, kondakta wa Dandora na mwanafunzi wa Ruiru. Ila iwaulize mapema, kabla mstari mwingine haujapakwa rangi juu ya lami. Iwaulize kwa lugha wanayoweza kujibia. Na ikishajibiwa, irudi iwaambie imefanya nini na majibu yao.